Kupungua Katika Nchi ya Ukame

Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya kumsifu mtu aliyejaa mwili. Aliyeongezeka huambiwa amenawiri, amewanda, neema imemwonea. Aliyepungua naye huambiwa amedhoofu, ameng'onda, amebaki gofu la mtu, na anayemwambia hivyo aghalabu huongeza swali la pili: "Kwani unaumwa?" Huko Garissa, mji wa wafugaji ulio kando ya Mto Tana, maana hizi zina uzito zaidi. Katika soko lake la mifugo, ng'ombe aliyekonda hukosa mnunuzi, na kila mnunuzi hutazama mbavu kwanza. Hivi ni kusema kuwa kabla daktari hajatamka neno lolote kuhusu unene, lugha na soko vimekwisha kutoa hukumu yao.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini humo alilitambua jambo hili mwezi wa Novemba mwaka wa 2022, siku alipotoka kliniki akiwa na karatasi ndogo mkononi. Karatasi hiyo ilikuwa na tarakimu tatu tu: uzito wa kilo 94, kimo cha sentimita 160, na sukari ya damu, kabla ya kifungua kinywa, milimoli 6.4 kwa lita. Muuguzi alimweleza kwa upole kuwa mtu huhesabiwa kuwa na kisukari kuanzia milimoli 7, na kwamba yeye alikuwa amesimama kizingitini. Hakuandikiwa dawa. Aliambiwa kuwa akipunguza hata asilimia 5 ya uzito wake, yaani kilo 5 hivi, sukari na shinikizo la damu vingeweza kupata nafuu. "Lakini Mwalimu," muuguzi aliongeza, "anza na jambo ambalo mwaka ujao bado utakuwa unaliweza."

Ushauri huo ulimjia wakati mgumu. Mvua za vuli, ambazo Wasomali huziita Deyr, zilikuwa zinakosekana, na huo ulikuwa msimu wa tano mfululizo bila mvua ya kutosha. Kila jioni simu ililia kutoka upande wa Balambala, ambako mjombake alikuwa akihesabu mizoga ya ng'ombe. Mwalimu alituma fedha alizoweza, kisha akaketi mbele ya sinia ya wali uliotiwa samli na kujiuliza ni aibu gani hii, kwamba watu wake wanakosa chakula naye anafundishwa kukikataa.

Mwenye kuumia zaidi, hata hivyo, alikuwa mamake. Bi kizee huyo alikuwa amehamia mjini baada ya ukame wa mwaka wa 1984 kuwamalizia mifugo. Katika safari ile ya kutoka nyikani alimzika mtoto mchanga, na kabla ya kumzika alikuwa amemwona akigeuza uso kila alipopewa maziwa. Tangu siku hiyo, mtu anayekataa chakula mbele yake humtia hofu isiyo na jina. Bintiye alipotangaza kuwa hatakula tena chakula cha jioni, mama hakubisha. Alifunika sahani, akaiweka kando ya kitanda cha bintiye, akalala bila kula yeye mwenyewe.

Mwalimu hakuliona hilo mapema, kwa kuwa alikuwa na haraka. Alianza kwa njia ambayo wengi huianza: maji ya ndimu asubuhi, matango mchana, na usiku majani fulani ya chai aliyouziwa na mchuuzi, yaliyodaiwa kuyeyusha tumbo. Majani hayo yalimharisha tu. Kwa siku tisa alipoteza kilo nne, nyingi kati yake zikiwa maji, na darasani alishikilia meza asianguke. Siku ya kumi palikuwa na arusi. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni, na kabla ya mwezi kwisha kilo nne zilikuwa zimerudi na nyingine moja juu yake. Ama kwa hakika, haraka haraka haina baraka.

Ndipo alipolikumbuka neno la muuguzi, akaacha kutafuta muujiza na kuanza kuhesabu. Kwa juma zima aliandika katika daftari la shule kila alichotia mdomoni. Wali, anjera na nyama havikumshangaza. Kilichomshangaza ni chai. Alikuwa akinywa vikombe saba kwa siku, na kila kikombe kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, jumla vijiko 21. Kwa kuwa kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4, hizo zilikuwa gramu 84. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu hupata katika chakula, kiasi ambacho kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa, chovya chovya ilikuwa ikimmaliza mwenye buyu.

Tatizo likawa kwamba sukari hiyo haikutiwa kikombeni. Kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Garissa, ilichemshwa pamoja na maziwa, majani, iliki na tangawizi, kisha chai ikahifadhiwa katika chupa kwa ajili ya jamaa na wageni. Aliyeipika ni mama. Kupunguza sukari, kwa hivyo, hakukuwa uamuzi wa mtu mmoja. Ilimbidi aombe.

Aliomba usiku, baada ya sala ya Isha. Kwa mara ya kwanza alimtolea mama ile karatasi ya kliniki, akamweleza kizingiti ni nini na kilicho ng'ambo yake: macho, figo, vidonda vya miguu visivyopona. Akasema, "Hooyo, mimi sikatai chakula chako. Nataka nikile miaka mingi." Mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza swali ambalo binti hakulitarajia: "Kwani nyikani tulikunywa maziwa na sukari?" Akaanza kusimulia jinsi walivyokunywa maziwa ya ngamia kama yalivyokamuliwa, na jinsi walivyotembea tangu alfajiri kufuata malisho, hata jioni mtu asijue ameketi saa ngapi. Wingi wa sukari, alisema, walikutana nao mjini, mahali walipoacha pia kutembea. Kesho yake palikuwa na chupa mbili za chai mezani.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo mno hata mtu angeona haya kuyasimulia. Kwa majuma mawili vijiko vitatu vikawa viwili, kisha kimoja. Vikombe saba vikawa vinne. Sukari ya siku ikashuka kutoka gramu 84 hadi gramu 16. Wali haukuondolewa, bali ulitolewa katika sinia ya pamoja ukawekwa katika sahani, ili mlaji aone kiasi chake. Chakula cha jioni kilirejea, na mama akalala ameshiba.

Aidha, alianza kutembea. Joto la Garissa, ambalo mchana hupita nyuzi 30 karibu mwaka mzima, halimruhusu mtu kuchagua saa. Baada ya sala ya Alfajiri alijifunga buibui, akavaa raba, akazunguka kiwanja cha shule kwa dakika kumi. Mwezi wa pili zikawa ishirini, wa tatu thelathini, siku tano kwa juma, na hivyo akafikia zile dakika 150 ambazo wataalamu wa afya huzipendekeza. Mwanzoni walinzi walidhani amepoteza kitu. Baadaye majirani wawili wakajiunga naye.

Ramadhani ya Machi 2023 ilikuja pamoja na mvua. Huo ndio mwezi ambao wengi hufunga mchana na kunenepa usiku, kwa sambusa na vinywaji vitamu. Yeye alijiwekea kanuni moja: tende tatu na maji, kisha sala, ndipo chakula. Hakupungua hata kilo moja mwezi huo, wala hakuongezeka. Kwake hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Maneno ya watu hayakukoma. Katika arusi nyingine shangazi mmoja alimshika mkono, akamwuliza kwa sauti ni ugonjwa gani unaomla. Kabla hajajibu, mama alijibu kwa niaba yake: "Haliwi na kitu. Ameshusha mzigo."

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023 alirudi kliniki. Uzito ulikuwa kilo 88 na sukari milimoli 5.7. Kilo sita kwa mwaka si habari ya kupigiwa vigelegele. Kuna waliotangaziwa kilo hizo kwa juma moja. Lakini hazikuwa zimerudi. Mwezi huohuo mvua kubwa zililifurisha eneo la Tana, na kiwanja cha shule kikawa dimbwi. Siku ya tatu ya mvua, mwalimu alikuwa ameketi barazani akiitazama, ameamua kupumzika hadi maji yakauke. Mama alitoka chumbani na mkongojo wake, akaupima urefu wa baraza kwa macho, kisha akauliza, "Hooyo, leo hatutembei?"