Beki wa Pauni 40

Kila mara lazima kuna mtu atanitumia stori ya Jay DeMerit. Ati "bro, usikate tamaa." Asante sana. Lakini leo wacha niisimulie vile mimi naielewa, kwa sababu karibu initie hasara.

Kwa wale hawamjui: alikuwa beki wa kati kutoka Green Bay, Wisconsin, huko Marekani. Alimaliza chuo kikuu Chicago na hakuna timu ya MLS iliyomtaka. Mwaka 2003 akapanda ndege kwenda Uingereza na dola kama 1,800 hivi. Akaanzia Southall, magharibi mwa London, daraja la tisa. Malipo: pauni 40 kwa wiki. Mwaka uliofuata, akiwa Northwood, timu nyingine ndogo tu, wakacheza mechi ya kirafiki na Watford. Watford wakampenda, wakamsaini. Mei 2006, fainali ya kupanda Premier League kule Cardiff, Watford wakapiga Leeds 3-0. Bao la kwanza? Kichwa cha DeMerit. Na 2010 akachezea Marekani Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Ile sare ya 1-1 na Uingereza niliitazama kwa jirani, mdogo tu, nimekaa sakafuni.

Sasa mimi. Nikiwa na miaka 21, beki wa timu ya mtaa, ajenti mmoja aliniambia kuna majaribio Ulaya. Shilingi 180,000, ulipe kwanza. Nikamwonyesha mama stori ya DeMerit kwa simu. "Mama, ona, huyu alienda tu!"

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na sote wawili tulijua hiyo pesa ingetoka wapi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na huyo kijana alipata wapi ruhusa ya kufanya kazi huko?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikatafuta. Kumbe babu yake DeMerit alikuwa Mdenmaki, na kupitia kwake akapata pasipoti ya Ulaya. Hiyo sehemu huwezi kuisikia kwa zile video za kutia watu moyo. Kesho yake nikamwuliza ajenti kuhusu visa ya kazi. Akasema atanipigia. Mpaka leo.

Kusema ukweli, nilimkasirikia DeMerit, kana kwamba ni yeye alinidanganya. Lakini hakuna mahali alisema pasipoti si kitu. Ni sisi tunaosimulia ndio tunairuka, tunabakisha jasho peke yake, halafu kijana anauza shamba la nyumbani akidhani alichokosa ni moyo.

Kitu kimoja nimebaki nacho. Watford hawakumpata DeMerit kwa foleni ya majaribio ya kulipia. Walimkuta uwanjani, akichezea timu ndogo, siku ya mechi isiyo na pointi. Hiyo haihitaji babu Mdenmaki.

Kwa hivyo mdogo wangu, ukiambiwa "lipa kwanza," uliza swali la mama. Halafu rudi mazoezini.

Jumapili tuna mechi. Uwanja ni vumbi tupu na refa huchelewa. Nitakuwa pale nyuma, katikati. Mama amesema ataleta chai, na maziwa ni ya yule yule ng'ombe.