Walikuwa Wanapanga Safari ya Watu Wawili, Jamaa Akauliza Nauli ya Mtoto

Wahenga walishasema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Lakini pale Chato mjini kuna dada amegundua kwamba hata kusafiri siyo lazima. Kaa naye tu mezani mpange safari. Muandike mnapita wapi, mnalala wapi, nani anatoa shilingi ngapi. Kabla hamjanunua hata maji ya njiani, utakuwa umeshajua mengi ambayo mwaka mzima wa "umekula?" na "usiku mwema" haukukwambia.

Huyu dada ana miaka 24. Ana kibanda chake cha wakala, anatoa na kuweka pesa za watu kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Kwenye mahesabu humdanganyi. Jamaa yake ana 29, yuko kwenye karasha pande za Katoro, kazi yake ni kusaga mawe ya dhahabu. Wapo pamoja mwaka wa pili sasa. Kujitambulisha rasmi nyumbani bado, ila mama mtu anamjua, na akipita pale hakosi ugali na sato.

Wazo la safari lilianzia kwenye simu, kama mambo mengi ya siku hizi. Kila ukifungua TikTok unakutana na mtu yuko ndani ya SGR, kaegemea dirisha, katupia pamba kali, huku treni inakata upepo kilomita 160 kwa saa. Treni hiyo ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 14, 2024, ikafika Dodoma Julai 25, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi.

Kwa mtu wa Chato hii treni ina uzito wake. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017 na hayati Magufuli, mtoto wa hapo hapo Chato. Akafariki Machi 2021 kabla abiria wa kwanza hajakaa kwenye siti. Leo stesheni kuu ya Dar inaitwa jina lake, na yeye amelala nyumbani kwao Chato, mahali ambapo reli haijafika.

Dada akaja na mpango wake mtamu. Waanzie safari kwenye Daraja la Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya Ziwa Victoria, pale ambapo zamani watu walikuwa wanasubiri kivuko. Wamalizie Stesheni ya Magufuli, Dar es Salaam. Klipu ianze na ziwa, iishe na bahari. Mtu wa Chato unamwambia nini kuhusu maji? Ziwa analo nyumbani. Anachotaka ni kuonja yale ya chumvi, kula mihogo ya Coco Beach, na kupanda pantoni ya Kigamboni bila kuwa na shughuli yoyote ng'ambo.

Wakachagua Juni, na hapo walitumia akili. Machi mpaka Mei ni masika kule Morogoro na Dar. Pande za Kilosa na Gulwe maji yana historia ya kusumbua reli ile ya zamani. Juni mvua imekata, kibaridi kimeanza, na milima ya Uluguru bado ni ya kijani. Wakaweka siku moja ya kutoka Dar kwenda Morogoro na kurudi jioni, wapande mpaka Morningside, lile jengo la tangu enzi za Mjerumani lililoko juu mlimani, mji wote ukiwa chini yako. Dada alishasoma kwamba kilele cha Kimhandu kwenye milima hiyo kinapita mita 2,600. Akasema huko juu kabisa hapana, miguu ni ya kwake na anaipenda.

Kutoka Dodoma kushuka Dar kuna kingine alichokuwa anakisubiri: mahandaki. Treni inaingia ndani ya mlima pande za Kilosa, giza, halafu mwanga. Mtu aliyekulia ukanda wa dhahabu anajua mashimo ya kuingia kwa kamba kwenda kutafuta mawe. Shimo la kuingia ukiwa umekaa kwenye siti unakunywa soda, hilo ni jipya.

Kibubu kikaanza. Kila wiki kila mmoja anaweka kwenye laini moja ya simu, dada anaandika kwenye daftari. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutoa harufu.

La kwanza, mchango wa jamaa. Hela ya dhahabu haina tarehe, hilo kila mtu wa huku anajua. Leo mawe yametoa, kesho umesaga vumbi. Lakini mchango wa jamaa ulikuwa unapungua wiki ileile kila mwezi, mwanzoni mwa mwezi, na kiasi kilekile: 50,000. Dada akaliona. Mawe gani haya yanayojua kalenda? Akanyamaza.

La pili, njia. Dada anataka Geita, Sengerema, darajani, Mwanza, walale, kesho yake basi la Dodoma kupitia Shinyanga, Nzega na Singida. Jamaa anataka njia ya Bwanga, Runzewe, Ushirombo, Kahama, ndipo watokee Nzega. Akasema ni fupi na inaokoa hela. Kweli ni fupi, dada akakubali. Ila jamaa akaongeza: "Halafu Kahama tulale."

Sasa hapo hesabu ikagoma. Njia umeichagua ili kuokoa hela, halafu hela uliyookoa unakwenda kulipia gesti? Wakabishana siku tatu. Dada akadhani ana mwanamke Kahama. Hakuwa mbali sana na ukweli, lakini hakuwa karibu pia.

La tatu ndilo lililofungua kila kitu. Ilikuwa jioni, kibanda kimefungwa, wamekaa kwenye benchi wanapiga mahesabu ya treni. Dodoma mpaka Dar daraja la kawaida 31,000. Dar mpaka Morogoro 13,000. Kwenda na kurudi kote, watu wawili, 176,000. Dada anaandika. Jamaa akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na mtoto wa miaka mitano analipa ngapi?"

Dada alijibu kama wakala kwanza, mazoea ya kazi. "Chini ya minne bure. Kuanzia minne mpaka kumi na miwili nusu nauli. Elfu kumi na tano mia tano." Kalamu bado iko mkononi. Ndipo akainua kichwa.

"Mtoto wa nani?"

Jamaa akaangalia viatu vyake. Akasema, "Wangu."

Mtoto wa kike. Anaishi Kahama na bibi yake mzaa mama. Mama yake alishaolewa kwingine zamani. Ile 50,000 ya kila mwanzo wa mwezi ilikuwa ya kwake, na jamaa alikuwa anaitumia Katoro kwa wakala mwingine. Fikiria hilo kwanza. Mtu ana mpenzi mwenye kibanda cha wakala, halafu anatembea na hela mfukoni kwenda kutumia kwa mtu baki, ili jina la anayepokea lisionekane.

Na kulikuwa na kubwa zaidi. Yule mtoto naye aliona klipu ya treni kwenye simu ya bibi. Akampigia baba yake akasema anataka kuipanda. Baba akajibu, "Juni." Juni ileile. Safari moja ameiahidi kwa watu wawili ambao hawajuani, akawa anaomba Mungu njia ya Kahama iwakutanishe yenyewe.

Dada hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Anaitwa nani?"

Jamaa akataja. Lilikuwa jina la marehemu mama yake. Jina ambalo dada amelisikia mara ngapi, kila jamaa anapomkumbuka mama. Kumbe lilikuwa linaitwa na kuitika Kahama miaka yote hiyo, na lilipewa mtoto ambaye ukoo mzima unamtambua, isipokuwa yeye.

Kilichomuuma siyo mtoto. Aliwaambia mashoga zake waziwazi: mtoto hana kosa, na mwanaume wa miaka 29 kuwa na mtoto siyo habari ya kumshangaza mtu. Kilichomuuma ni daftari. Miezi minne anaandika kila shilingi, mpaka ya karanga za njiani, mwenzie anaangalia tu, anajua kuna abiria hajaandikwa.

Mashoga wakagawanyika kama kawaida. Mmoja akasema achukue hela yake kwenye kibubu aende Dar peke yake, apige picha, aposti, na yule jamaa aangalie stetasi kama watu wengine. Mwingine akasema mwanaume anayetuma hela ya mtoto kila mwezi bila kukosa, hata karasha ikigoma, huyo ni wa kushika, maana wapo wanaokimbia hata kupokea simu. Wa tatu akauliza swali lililowanyamazisha wote: kama treni isingekuwa na nusu nauli, angesema lini?

Jamaa ana utetezi wake. Anasema aliogopa. Mwanamke aliyekuwa naye kabla ya huyu alimuacha wiki ileile aliyomwambia. Akajifunza kunyamaza. Ndiyo, inaeleweka. Ila kuogopa kuachwa kulimfanya afanye jambo ambalo lingemfanya aachwe kweli. Na yule mtoto, kufichwa kwa sababu baba anatafuta mapenzi, ipo siku atakua aulize.

Wiki mbili baadaye dada alipanda basi la Kahama, na jamaa pembeni yake. Siyo safari ya treni hiyo. Alisema hawezi kukaa kwenye siti saa zote zile na mtu ambaye hajamuona. Alinunua viatu vidogo vya plastiki na biskuti. Mtoto alimwangalia juu mpaka chini, akauliza, "Anti, we ndo wa treni?"

Dada akacheka. Anasema alicheka bila kupenda.

Waliporudi Chato alichana lile karatasi la mahesabu, akaandika jingine. Watu watatu: 220,000 ya treni badala ya 176,000. Njia ni ya Kahama wakati wa kwenda, na daraja limehamia kwenye kurudi. Halafu akaweka sharti. Kwenye tiketi za SGR kila abiria anaandikwa jina lake, kwa hiyo yeye atalipia jina lake mwenyewe, na jamaa alipie mawili yaliyobaki. Hela ya kibubu igawanywe kila mtu achukue yake. "Kila mtu abebe abiria wake," alisema, "halafu tukutane Dodoma stesheni tuone kama tunakaa siti za pamoja."

Hajasema amesamehe. Hajasema ameacha. Ugali na sato nyumbani kwa mama umesimama kwanza, mpaka jamaa aje na watu wazima wake wajieleze, na mtoto atajwe mbele za watu.

Jamaa naye yuko karasha, anasaga usiku na mchana. Ana mpaka mwisho wa Mei.

Hapa kuna somo kwa wote mnaopanga bata la pamoja. Watu wanapanga pamba, wanapanga hoteli, wanapanga hata wimbo wa kuweka kwenye klipu. Cha kwanza kupangwa iwe ukweli. Una mtoto, sema. Una deni la kausha damu, sema. Una mzazi unayemtumia kila mwezi, sema, hiyo hela iandikwe kwenye daftari kama nauli nyingine. Umaskini hauvunji mapenzi haraka kama hesabu iliyofichwa.

Sasa zamu yako msomaji. Jioni ile pale kwenye benchi, simu mkononi, umeshaambiwa kila kitu: wewe ungelipia tiketi ngapi? Moja, mbili, au tatu?