Mshauri wa Nyumba Analipwa na Nani?

Ninakokaa sasa, kusini mwa London, wakaazi wa mtaa wakitaka nyumba za bei nafuu hutafuta kwanza mtu wa kuwafungua macho; habari ya saruji huja baadaye. Huyo anaweza kuwa mpangaji wa miji, mwanasheria au mhasibu. Anakaa nao, anawaeleza kiwanja ni cha nani, sheria inaruhusu nini na mkopo utalipwaje. Asiye na uwezo wa kumlipa mtaalamu hana budi kukata tamaa? La. Huduma iitwayo Planning Aid imekuwa ikitoa ushauri wa bure tangu miaka ya 1970.

Likoni, Mombasa, nilikokulia, washauri nao hawakosekani. Ila wa kwetu huja na ramani iliyokwisha kuchorwa.

Mfano wa karibu yangu ni Citizens House, Lewisham: fleti 11 zilizokamilika mwaka 2023, pale palipokuwa na gereji kuukuu za halmashauri. Wakaazi wakishirikiana na London CLT, shirika la amana ya ardhi ya jamii, walimchagua msanifu wao wa majengo wenyewe. Bei ya fleti hailingani na soko, inafuata kipato cha watu wa eneo hilo, na mwenye kuuza kesho atauza kwa hesabu hiyohiyo. Ila nisiwapambe Waingereza kupita kiasi. Fleti 11 ndani ya jiji lile ni tone, nazo zilipatikana baada ya miaka mingi ya kupiga kelele. Kule St Clements, Mile End, ambako shirika hilo lilianzia, lilipata nyumba 23 tu kati ya 252.

Sasa vuka feri tuje kwetu. Shangazi yangu ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Yeye na wajukuu wamejibana vyumba viwili. Vinne wamepanga vibarua wa bandarini. Kuta ni zake, bati ni lake, ardhi ni ya mwingine, na stakabadhi za kodi ya ardhi amezihifadhi kwenye mkebe wa biskuti, za tangu enzi ya marehemu mumewe. Mgeni akisikia habari ya nyumba bila ardhi hushangaa, lakini Mombasa ni jambo la kawaida. Chanzo kimoja ni sheria ya kusajili ardhi ya mwaka 1908: aliyejua kudai akaandikiwa hati, asiyejua akaamka ni skwota kwao. Shamba la Waitiki hapo Likoni, ekari 930, lilitutoa jasho hadi serikali ilipolinunua na kuanza kugawa hati mwaka 2016.

Hati ikishapatikana, au mradi ukishatangazwa, ndipo mshauri anapohitajika hasa. Kaunti ya Mombasa ina mpango wa kujenga upya mitaa yake ya zamani, Khadija kule Kisauni, Likoni na Changamwe ikiwemo. Serikali kuu nayo inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, chini ya sheria ya 2024. Pesa zipo, basi. Lakini nenda kwenye kikao cha kukusanya maoni. Hema, viti vya plastiki, maji ya chupa, karatasi ya kutia sahihi. Mtaalamu anawasha projekta, ukutani yanatokea maghorofa yenye miti ambayo haijapandwa. Katika kikao kimoja kama hicho bibi mmoja aliuliza, "Mwanangu, hapo vyumba vyangu vya kupangisha viko wapi?" Akaambiwa swali lake limenakiliwa.

Swali lile lilikuwa zito kuliko projekta nzima. Fleti ya vyumba viwili ingempa shangazi yangu paa zuri na kumnyang'anya riziki. Mshauri anayelipwa na mkandarasi hana sababu ya kulipigia hesabu jambo hilo. Aliyeajiriwa na mtaa angeanza nalo, kisha angeuliza nani atarudi baada ya ujenzi, kwa bei gani, na ahadi hiyo imeandikwa wapi. Hakuna elimu ya ajabu hapo. Ni suala la nani anamtuma, na anakuja kabla au baada ya zabuni. Sehemu ndogo tu ya tozo ile ingetosha kuwawezesha wakaazi wa kila mtaa kumchagua saveya na wakili wao.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba tuliwatangulia London. Mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, miaka ya 1990, ulikalishwa chini na wataalamu wa mradi uliosaidiwa na Wajerumani wa GTZ. Wakaazi walifafanuliwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi, wakachagua amana ya jamii: ardhi ya wote, nyumba ya mwenyewe, ili tajiri asije akawanunua mmoja mmoja. London CLT ilikuwa haijazaliwa.

Treni ya SGR inaondoka Miritini na kusimama Voi. Kabla ya kumwalika mtu kutoka Lewisham, wazee wa Likoni na kina mama wa Kisauni wakatiwe tikiti, wakawaulize wenzao wa Bondeni kilichofaulu na kilichowashinda, kisha warudi ndio waandike masharti ya kazi ya mshauri.