Gari Lisilo na Paa Katika Mji wa Kuta

Mada ya mdahalo wa chama chetu mwezi wa kumi ililetwa kwa mzaha: "Gari la umeme lisilo na paa ni gari la mpenda udereva, au ni pambo la tajiri?" Sisi wanachama tunapanda teksi za kombi na kuhesabu chenji za abiria wa viti vya nyuma, mwenye gari miongoni mwetu hayupo. Tulitarajia kucheka saa moja kisha turudi kwenye vitabu. Lakini mlezi wa chama, mzee wa Tanga aliyestaafu uhandisi migodini, alipoisikia mada hiyo alisema si vizuri watu kubishana juu ya chakula wasichokionja. Miezi michache nyuma alikuwa amenunua MG Cyberster. Akatualika Jumamosi twende tukaonje.

Tulikwenda watatu kwa niaba ya chama: mmoja wa Morogoro, mmoja wa Lubumbashi, na mmoja wa hapa hapa Soweto, aliye mwaka wa pili wa Kiswahili. Kasoro ya kwanza tuliigundua hata gari halijawashwa. Lina viti viwili, na kimoja ni cha dereva. Kwa hiyo yote tunayoyasimulia hapa kwa neno "sisi" yalimpata mmoja mmoja kwa zamu, huku wawili wakingoja kwenye ukuta wa mawe pale Munro Drive, kisha tukayaunganisha. Walimu wetu wa sarufi watuwie radhi: gari hilo halina nafsi ya kwanza wingi.

Tuanze na raha zake, maana zipo na si ndogo.

Mzee ni mpenda udereva wa kweli. Kwa miaka mingi aliendesha Mazda MX-5, gari dogo la wazi la petroli ambalo tangu litoke mwaka 1989 limekuwa shule ya watu wanaopenda kona kuliko mwendo kasi. Aliliuza kwa sababu moja tu: goti lake la kushoto halikubali tena klachi. Katika foleni za Johannesburg mguu huo hupanda na kushuka mara mia kabla hujafika uendako. Gari la umeme halina klachi wala gia za kubadili. "Wenzangu wananiambia nimenunua simu yenye magurudumu," alisema. "Mimi nimenunua miaka mingine ya kuendesha." Tuliopanga kutetea hoja ya pambo la tajiri tulianza kupunguza sauti hapo.

Raha ya pili inahusu mji wenyewe. Johannesburg uko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita mia unazopanda. Gari lililopimwa pwani likifika hapa linakuwa limeacha njiani zaidi ya sehemu moja katika saba ya nguvu hizo. Mzee alitueleza jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyelipiza kisasi: MX-5 yake ilikabwa koo miaka yote hiyo, na mota ya umeme haipumui. Nguvu ileile iliyoandikwa kwenye karatasi za kiwanda, kilowati 375, ndiyo anayoipata Houghton. Watengenezaji wanasema gari hilo hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.2. Hatukupima. Mwenzetu wa Morogoro alichoweza kuripoti ni kwamba alisahau kumalizia sentensi aliyokuwa ameianza.

Raha ya tatu ni Munro Drive. Asiyeijua ajue kuwa ni barabara fupi ya kona kali inayoteremka kutoka Upper Houghton, ikishikiliwa na kuta za mawe, na kutoka juu unaona miti ya vitongoji vya kaskazini ikisambaa mpaka Sandton. Mwezi wa kumi mijakaranda huwa imechanua, na bonde lote hugeuka zambarau. Tuliiteremka paa likiwa wazi. Mzee aliondoa mguu kwenye kanyagio, mota ikageuka jenereta, na gari likapunguza mwendo huku likirudisha umeme kidogo kwenye betri. Hapakuwa na mngurumo. Tulisikia tairi juu ya lami, ndege, mbwa nyuma ya geti, na mtu aliyekuwa akifagia maua akipiga mluzi. Gari la wazi la petroli hukupa upepo na harufu, lakini hukufunika kwa kelele zake lenyewe. Hili limeondoa hata hiyo. Ni kama kupita mjini umekaa kwenye kiti cha baraza.

Basi tugeukie upande wa pili.

Mwenzetu wa Soweto hakushawishika, na hoja yake ilikuwa nzito. Alikulia mahali ambapo BMW ya zamani ya aina ya E30, iliyoundwa Rosslyn karibu na Pretoria, ina jina lake la mtaani: Gusheshe. Jumapili watu hukusanyika kuitazama ikizungushwa mpaka tairi zifuke moshi, dereva akitoka dirishani na kuning'inia huku gari likizunguka bila yeye. Mashabiki huko hutambua gari kabla halijakata kona, kwa sauti tu. "Kwa Kizulu gari ni imoto," alituambia, "na tangu nianze Kiswahili kila nikilitamka neno hilo nasikia moto. Sasa hili moto wake uko wapi?" Tulicheka, lakini swali halikuondoka. Mpenda udereva hapendi kufika tu. Anapenda kusikia injini ikiomba gia, na mkono wake ujibu. Katika gari la umeme ombi hilo halipo. Kazi ambayo dereva alijivunia kuijua imefanywa na mtu mwingine, kiwandani, kwa programu.

Halafu kuna uzito. Betri ni nzito, na gari lisilo na paa huhitaji kuimarishwa chini kwa sababu hakuna mifupa ya juu ya kulishikilia. Cyberster ina uzito unaokaribia tani mbili, sawa na MX-5 mbili hivi za mzee. Kwenye kona za Munro Drive anasema anausikia uzito huo kama mtu anayecheza muziki akiwa amembeba mtoto mgongoni: hatua ni zilezile, lakini huwezi kuruka.

Na umeme? Hapa Johannesburg mada hiyo haijadiliwi bila mtu kuguna. Mwaka 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali kuliko mwaka wowote uliotangulia. Tulizoea kupanga kupika, kusoma na kuoga kwa ratiba. Hata baada ya mgao kupungua tangu 2024, mitaa kadhaa ya Soweto na Alexandra imeendelea kukatiwa asubuhi na jioni ili transfoma zisielemewe. Betri ya gari hilo hubeba kilowati-saa 77, ambazo zingetosha familia ya kawaida siku kadhaa. Mzee ana paneli za sola juu ya nyumba, hivyo hachukui vyote kwenye gridi. Anayechaji ukutani bila sola, zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake hutokana na makaa ya mawe yanayochomwa hasa Mpumalanga. Moto aliouulizia mwenzetu basi upo. Umehamishiwa mbali na pua zetu.

Safari nazo zina mipaka. Kiwanda kinataja kilomita 444 kwa chaji moja, na kutoka hapa hadi Durban ni karibu 570. Kusimama njiani ni lazima, tuseme Harrismith, na ukienda kasi huku paa likiwa wazi, upepo unakula sehemu nyingine ya hizo kilomita. Kuna na mvua ya mawe, ambayo kila aliyeishi huku kiangazi kimoja anaijua: saa nane jua kali, saa kumi mbingu inatupa kokoto, na paa la gari ni kitambaa. Bei inazidi randi milioni moja. Serikali nayo haijarahisisha mambo, maana kwa miaka mingi gari la umeme kutoka Ulaya limetozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ilhali la petroli kutoka huko huko limetozwa 18, na kodi ya anasa juu yake. Elon Musk alizaliwa Pretoria mwaka 1971. Gari la wazi la umeme lililotangulia haya yote, Tesla Roadster, liliingia sokoni 2008, na moja likarushwa angani kwa roketi 2018. Limezunguka jua, na mpaka tunaandika haya kampuni hiyo haijafungua duka rasmi Johannesburg.

Tungeweza kuishia hapo, tuhesabu hoja za pande mbili na kupiga kura. Lakini zamu ya tatu ilitokea jambo ambalo hatukuwa tumelipangia hoja.

Mzee alikuwa amempakia mwenzetu wa Morogoro kwa mara ya pili, kwa kuwa alidai ile ya kwanza hakuiona vizuri. Walisimama kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, Louis Botha Avenue. Kila mkazi wa Johannesburg ana mazoea yake ya roboti: vioo juu, milango imefungwa, simu chini ya paja, macho mbele. Tunafundishana hivyo wiki ya kwanza tukifika, na hatufundishani bure. Wapo kati yetu waliovunjiwa kioo na kunyakuliwa mkoba. Gari la wazi halina mazoea hayo. Kioo ukipandishe, kitakufika begani.

Kijana muuza chaja za simu alikuwa akipita kati ya magari. Mzee alimwona akija upande wake, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha paa. Paa likaanza kuinuka nyuma ya viti taratibu, kwa utulivu ule ule tuliousifu Munro Drive. Na kwa sababu gari lilikuwa kimya, kijana alikuwa ameshasikia mazungumzo yao.

"Shikamoo mzee," alisema.

Paa lilikuwa limefika juu ya vichwa vyao. Mzee aliondoa kidole kwenye kitufe, likasimama pale pale. "Marahaba mwanangu," alijibu. "Wa wapi?" Kijana akacheka, akataja kwao, akauliza kama wanataka chaja. Roboti ikageuka kijani, kombi nyuma yao ikapiga honi kwa hasira, na mzee akavuka makutano paa likiwa nusu, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Gari linaloweza kufika kilomita mia kwa sekunde tatu lilivuka pale kwa mwendo wa baiskeli.

Walipotufikia ukutani mzee alikaa kimya kidogo kabla ya kushuka. Kisha akasema amepita roboti ile miaka kumi na moja.

Tulilijadili hilo njia nzima ya kurudi Yeoville. Mwenzetu wa Lubumbashi alisema mzee hakukosea, kwani mwizi naye anaweza kujua kuamkia. Mwenzetu wa Soweto alitukumbusha jina la Kyalami, uwanja wa mbio za magari kaskazini ya mji, ambako mbio za ubingwa wa dunia wa Formula One zilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Jina hilo linatokana na Kizulu, ikhaya lami, nyumbani kwangu. Sisi tuna neno kaya, ndugu yake wa damu. Alisema wapenda magari wa mji huu wamekuwa wakiuita uwanja wenye uzio nyumbani, na barabara wakaiacha iwe mahali pa kupita kioo kikiwa juu. Hakuna aliyempinga.

Kwenye mdahalo tulieleza yote haya, na kura zikagawanyika karibu sawa. Sisi watatu tulisema hivi: kama mpenda udereva ni yule anayetaka mkono wake uwe na kazi na sikio lake lishibe injini, gari hili litamwacha na njaa, na bora abaki na MX-5 au Gusheshe. Kama ni yule anayetaka kuwa ndani ya barabara anayopita, hatujapanda kitu kinachomweka karibu nayo zaidi. Lakini ukaribu huo hauji na upepo na maua peke yake. Unakuja na watu, na gari haliwezi kukuamulia utawajibu nini.

Wiki iliyofuata tulimuuliza mzee kama bado anaendesha paa likiwa wazi. Alisema ndiyo, Munro Drive yote, na kwenye roboti ile ya Louis Botha. Kwenye roboti nyingine zote hulifunga. Hatukumcheka. Tulikuwa tumesimama kituoni tukingoja kombi, na kila mmoja wetu alikuwa ameshika mkoba wake kwa mbele.