Vina na Hesabu ya Shilingi

Katika mambo ambayo mwanadamu hufundishwa kwa kuchelewa, fedha ni moja. Mtoto hufundishwa kuamkia wakubwa, kunawa mikono na kusoma herufi kabla hajafundishwa namna shilingi inavyozaa na namna inavyokufa. Akikua, huingia sokoni na nguvu za mikono yake, lakini bila hesabu ya kuzilinda. Na soko halina huruma kwa mgeni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu. Kazi yangu ni mashairi, si mahesabu. Walakini mashairi ndiyo yaliyonifikisha mbele ya jambo hili, tena mashairi ya namna ambayo baadhi ya wenzangu hawapendi kuyaita kwa jina hilo: mashairi ya kufokafoka, ambayo vijana huyaita hipuhopu.

Asili ya sanaa hii ni Marekani, katika Bronx, mjini New York. Tarehe 11 Agosti 1973 binti mmoja, Cindy Campbell, alifanya dansi katika ukumbi wa jengo walimokaa, nambari 1520 Sedgwick Avenue. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika ambaye dunia inamjua kwa jina la Kool Herc, ndiye aliyechezesha santuri. Historia hupenda kusimulia habari za santuri zile, na ni haki yake. Mimi hupenda zaidi kusimulia habari za kiingilio. Wasichana walitakiwa kulipa senti 25 na wavulana senti 50, kwa kuwa Cindy alitaka fedha ya kununulia nguo za kurudia shuleni. Basi hipuhopu, kabla ya kuwa ghadhabu ya maskini au fahari ya matajiri, ilikuwa mpango wa binti aliyekuwa na haja, akatazama alicho nacho nyumbani, akaweka bei na kufungua mlango.

Sanaa hii ilipofika Dar es Salaam, vijana waliighani kwanza kwa lugha ya wenyewe, kisha wakaivisha kanzu ya Kiswahili. Kikundi cha Kwanza Unit kilianza mwaka 1993. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa wimbo wa kudhihaki ahadi za wagombea, na mwaka 2015 yeye mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Sugu, alikwisha tangulia kwa kuchaguliwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Watu hawa wawili walidhihirisha kuwa ulimi wa kufokafoka waweza kufika Bungeni. Swali langu lilikuwa dogo zaidi: je, waweza kufika mfukoni?

Swali hilo halikuzaliwa na udadisi mtupu. Alikuwako kijana mmoja katika darasa langu la ushairi, msikivu, mwenye sikio la vina kuliko wote wa mwaka wake. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipochelewa, alikopa kwa mtu wa mtaani. Mkopo wa namna hiyo watu wameupa jina la kausha damu, na sijui jina jingine lililotungwa kwa ukweli zaidi katika lugha yetu ya siku hizi. Alipewa shilingi 100,000 kwa sharti la kulipa 130,000 baada ya mwezi. Mwezi ulipokwisha hakuwa nayo, akakubali deni liandikwe upya kwa sharti lilelile. Hakurudi darasani mwaka uliofuata. Mtu aliyeweza kugundua kosa la mizani moja katika ubeti wa kale hakuona kuwa deni lake lilikuwa na mizani pia, tena isiyopungua hata siku moja.

Nilipowaeleza wenzangu kuwa nataka kuwakusanya vijana Jumamosi alasiri, wanafunzi na wasio wanafunzi, tufundishane habari za fedha kwa njia ya hipuhopu, rafiki yangu mmoja, mjuzi wa tenzi, alicheka. Akasema, "Ndugu yangu, wewe wataka kumpa mbuzi ulinzi wa shamba la mahindi." Neno lake halikuwa bure. Hakuna sanaa iliyosifu dhahabu, magari na ulevi wa matumizi kuliko hii. MC Hammer, aliyepata mamilioni ya dola, alitangaza kufilisika mwaka 1996. Lakini katika shamba hilohilo wamo wakulima. Nipsey Hussle wa Los Angeles, mwaka 2013, alitoa nakala 1,000 za nyimbo zake kwa bei ya dola 100 kila moja, ingawa nyimbo zizo hizo zilipatikana bure. Akauza thamani ya kitu badala ya kulalamikia bei yake. Jay-Z naye, mwaka 2017, alighani waziwazi juu ya mali iliyonunuliwa na mali iliyoachwa kununuliwa. Ikiwa ubadhirifu umepata waimbaji, kwa nini busara ikose?

Tena nilimkumbusha rafiki yangu kuwa jambo hili si geni kwetu. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimwachia binti yake wosia kwa utenzi, si kwa barua. Al-Inkishafi inatazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu, ikaionya nafsi isiiegemee mali. Babu zetu walitia katika vina kila jambo walilotaka mtoto asilisahau. Sisi tumewaachia vijana vina, tukaondoa wosia. Rafiki yangu alinyamaza. Na baada ya majuma mawili alikuja mwenyewe kusikiliza, akakaa nyuma.

Somo la kwanza lilikuwa riba. Nilichora ubaoni deni la yule kijana, bila kumtaja. Mwezi wa kwanza 130,000. Wa pili 169,000. Wa tatu 219,700. Wa nne 285,610. Kisha niliwaomba watunge. Kwa muda wa nusu saa chumba kilijaa minong'ono na vidole vikigonga meza. Msichana mmoja auzaye matunda, ambaye shule aliiachia kidato cha pili, alisimama akaghani:

Laki moja nilikopa, mwezi wa nne kufika,
Deni limekuwa papa, nami dagaa hakika.

Hakuna aliyeomba maelezo. Juma lililofuata nilisikia beti hizo katika kituo cha basi, mdomoni mwa mtu ambaye hakuwako siku ile.

Somo la pili lilikuwa kamari ya mpira. Vijana huiita karatasi ya kubashiri mkeka, na wakikosa husema mkeka umechanika. Lugha hii ina ucheshi wa kuvutia, na ndani ya ucheshi huo mna mtego, kwa sababu mkeka ni kitu cha kulalia na kupumzikia. Tulihesabu mkeka wa mechi 10. Tukichukulia kuwa kila mechi ni kama shilingi irushwayo juu, kichwa au mwenge, mkeka huo utatimia mara 1 katika mara 1,024. Kijana mmoja aliuliza, "Sasa, Mwalimu, mbona yuko jirani yetu aliyepata?" Nikamjibu, "Mwanangu, yuko. Na wale 1,023 wengine pia ni jirani zako, ila hawapigi picha."

Katika somo la tatu tulichunguza maneno. Tuliandika majina ya fedha wayajuayo: mkwanja, mshiko, chapaa, ngawira, faranga, mapene, buku, jero. Orodha ilijaa ubao. Kisha nikawaomba maneno ya kuweka fedha. Tulipata akiba, amana, kibubu, upatu. Na mzee wa ofisi, aliyekuja kufunga madirisha, alituongezea moja zuri ambalo wengi hawakulijua: kudunduliza. Lugha ya mtaani ina majina mengi ya fedha inayopita na machache ya fedha inayokaa. Vijana walilichukua neno kudunduliza kwa furaha, maana lenyewe lina mdundo. Hapo ndipo tulipoona kuwa methali zetu mbili, haba na haba hujaza kibaba na bandu bandu huisha gogo, ni hesabu moja inayosomwa kwa pande mbili. Ya kwanza ni akiba. Ya pili ni deni.

Msichana yule muuza matunda aliniuliza swali ambalo bado nalifikiri. Alisema, "Mwalimu, asilimia tulifundishwa shuleni. Mbona siku ya kukopa hatukuiona?" Naamini jibu lake ni hili. Kanuni huishi daftarini, na daftari halipo siku mtu anapobanwa. Mtu akibanwa huwa na vitu viwili tu: haja yake, na maneno yaliyomo moyoni. Ubeti ukiwamo, husema kabla ya mkopeshaji kumaliza kusema.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, nisiuvishe ubeti joho lisilo lake. Umaskini si ujinga wa hesabu. Yuko mama lishe anayeijua kila senti yake kuliko mhasibu, na bado jioni hana cha kuweka. Kumwambia mtu asiye na kitu kuwa angekuwa nacho kama angedunduliza ni kumtukana kwa adabu. Serikali nayo ina sehemu yake: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo ya simu zisizokuwa na leseni. Sheria ni ukuta. Hekima ni macho. Mwenye macho bila ukuta huona mwizi akiingia, na mwenye ukuta bila macho humfungulia mlango kwa mkono wake.

Vijana wetu wa Jumamosi sasa wana upatu wa watu 12, na kijumbe wao ni muuza matunda. Kila mchango ukitolewa, mtoaji sharti aghani beti mbili mpya juu ya fedha. Asiye na beti hutoa shilingi 500 za faini, nazo huingia katika mfuko wa dharura. Mfuko huo umekwisha kuwalipia watu wawili madeni kabla ya mwezi wa pili kuingia. Ni jambo dogo. Lakini deni nalo huanza likiwa dogo, na hakuna aliyelidharau kwa sababu hiyo akasalimika. Wema ukifundishwa kuhesabu kama deni linavyohesabu, na ukapewa sauti ambayo kijana haoni haya kuitoa mbele ya wenzake, hapana shaka nao utakua mwezi kwa mwezi.