Mwanga Uliopotea Njia

Zamani, tulipokuwa tukifundisha somo la mwanga katika darasa la sita, tuliwaambia watoto kwamba kioo hurudisha mwanga, na ule unaotawanyika kandokando hupotea. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hupotelea wapi?" Tulimjibu kwa ukali kwamba swali hilo halimo katika somo. Aliketi, wala muhula ule hakuuliza tena.

Baadaye tulijifunza kwamba swali lile huwashughulisha wataalamu wa fizikia. Huko Marekani, katika Hanford na Livingston, imo mitambo ya LIGO. Kila mmoja una mikono miwili ya mabomba yasiyo na hewa, kila mkono kilomita 4. Mwanga wa leza hugawanywa, hupita katika mikono yote miwili, hurudishwa na vioo, kisha hukutanishwa. Wimbi la mvutano likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika, kwa kiasi kidogo mno kuliko upana wa protoni. Wimbi la kwanza lilinaswa tarehe 14 Septemba 2015.

Lakini hakuna kioo kisicho na dosari. Mwanga kidogo hutawanyika, hugonga ukuta wa bomba au kifaa kilicho karibu, na chembe yake hurudi kujiunga na ule mkuu. Ukuta nao hutikisika pamoja na ardhi, hata kwa mawimbi ya bahari iliyo mbali. Basi mwanga huo hurudi umebeba mtikisiko, ukavuruga kipimo. Kumbe haukupotea, ulipotea njia tu.

Dawa yake ni nyingi. Kwanza, vioo husuguliwa na kutunzwa safi kabisa. Pili, ndani ya mabomba huwekwa pete za kuzuia mwanga, zenye kingo za meno kama msumeno, ili mwanga unaopinda ukingoni usirudi kwa mpango mmoja. Tatu, hutumiwa nyuso nyeusi zinazomeza mwanga, nazo huinamishwa ili masalio yaelekee kando. Tena, mapema mwaka 2020, uzito unaoning'inia nyuma ya kioo ulifanywa ufuate mwendo wa kioo, umbali kati yao usibadilike sana. Na kelele ikapungua.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Chukueni boksi, tochi, na kioo kilichopakwa vumbi la chaki. Tobolewe tundu la kuchungulia. Kwanza ndani pawekwe karatasi nyeupe, kisha karatasi iliyopakwa masizi. Watoto wataona kuta zikimeta, kisha zikififia, nao watajieleza wenyewe sababu.

Walimu wenzetu mnaojiandaa, swali lisilomo katika andalio la somo liandikeni pembeni mwa ubao, lingoje siku yake. Sisi hatukuliandika lile, na mwenye kuuliza alikwisha kumaliza shule kabla hatujapata jibu la kumpa.