Straika Huanza na Cheti cha Kuzaliwa

Nafundisha washambuliaji wadogo hapa Bariadi, kwenye kiwanja cha udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unanasa viatu, jua likiwaka unapasuka, na mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Mtoto akiweza kuutuliza hapa, atautuliza popote. Pumzi wanayo, maana wengi wamekua wakifuata ng'ombe malishoni. Vipaji havijawahi kunipa shida. Kinachonikosesha usingizi ni makaratasi.

Wote wanataka kuwa Mbwana Samatta, nami huwasimulia safari yake hatua kwa hatua. Alitoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamchukua. Alikaa huko zaidi ya miaka minne, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kisha Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Ndipo alipokwenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, na tarehe 1 Machi akaifunga Manchester City pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi. Miaka ya Lubumbashi ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu vijana wanaidharau. Wanataka ndege ya Ulaya moja kwa moja.

Lakini sheria za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache mno. Mshambuliaji wetu Kelvin John alicheza AFCON ya vijana chini ya miaka 17 iliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, lakini Genk walimsajili mwaka 2021, alipotimiza 18. Mzazi mmoja wa huku hakuyajua hayo. Aliuza pamba ya msimu mzima, akampa fedha mtu aliyejiita wakala, ili mwanawe wa miaka 15 apelekwe majaribio nje. Mtu yule hakuonekana tena. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kuhakikiwa.

Halafu kuna hili la kupunguza umri kwenye karatasi, ambalo nalichukia kwa dhati. Kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, mifupa ya kifundo cha mkono hupigwa picha ya MRI kukagua umri. Kijana aliyedanganya huondolewa, na jina lake linabaki na doa.

Karatasi hizo hizo zina fedha ndani yake. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote. Akiuzwa euro 1,000,000, klabu iliyomlea misimu hiyo minne inapata euro 10,000. Kwa kituo cha Bariadi hiyo ni mipira, nyavu na nauli za miaka kadhaa. Lakini lazima jina lake liwe limesajiliwa kwenye shirikisho la soka, TFF, kupitia klabu hiyo. Asiyesajiliwa, hata kama umemlea wewe, huna cha kudai.

Ndugu zangu walimu wa michezo wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, sajilini watoto sasa, kwa umri wao halisi. Nanyi wazazi, kabla ya kununua viatu vya mpira, fuatilieni cheti cha kuzaliwa cha mtoto RITA. Na mtu akija kuomba fedha za majaribio ya nje, mwambieni kwanza aonyeshe leseni.